Kibao cha Tano, Nashuka, Nimebeba

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Kwa huzuni isiyo na kifani, familia ya lori namba kumi na saba inatangaza kifo cha maiki yake ya mkononi, kilichotokea juzi asubuhi kwenye kona ya kibao cha tatu, baada ya kuugua waya kwa muda mrefu. Marehemu alifungwa utepe mara kadhaa, akapigwa makofi mara zisizo na idadi, na neno lake la mwisho lilikuwa "krrr". Ameacha redio moja, ndoano isiyo na cha kuning'iniza, na mjane, yaani mimi. Mazishi yamefanyika kwenye droo ya jikoni, kati ya betri zilizokufa na ufunguo wa mlango ambao hatuna tena.

Baada ya tangazo hilo, habari za huko? Wifi hajambo? Wale mapacha bado wanagombana, au wameungana dhidi yenu? Sisi huku wazima. Shemeji yako anaendelea na vita dhidi ya paa linalovuja, na mpaka sasa paa linaongoza. Mama mzima wa mwili, ila macho ndiyo yanazidi kumuaga. Anafuma kwa vidole tu, hatazami. Wiki hii amevisha birika, redio ya sebuleni, rimoti, na mfuniko wa choo. Tunamshukuru sana, na akigeuka tunavua. Birika lililovaa sweta utalichemshaje?

Sasa shida yenyewe. Hujawahi kupanda huku machimboni kwetu, kwa hiyo nikueleze. Barabara ya kushusha mawe ni nyembamba, lori moja ndilo linapita. Kushoto ukuta wa mlima, kulia hewa. Kuna vibao tisa vyenye namba, na hapa na pale sehemu za kupishana. Kila ukifika kwenye kibao unabonyeza kitufe unasema: "Kumi na saba, kibao cha tano, nashuka, nimebeba." Anayepanda mtupu akikusikia, anaingia sehemu ya kupishana anasubiri. Asipokusikia mnakutana kona, na hapo hakuna kuulizana habari za nyumbani. Kwa hiyo maiki kwetu ni breki nyingine.

Wewe ndiye fundi wa redio za upepo katika ukoo huu. Teksi na magari ya wagonjwa ya mji mzima yanakutegemea. Basi nichagulie maiki. Kwa sasa natumia ya kuazima, na inanuka tumbaku ya mwenyewe mpaka nasikia kama namkumbatia.

Dada yako,
mjane wa kibao cha tatu


19 Februari

Dada, shikamoo.

Pole kwa msiba. Sisi wote wazima, wifi yako anakusalimu, mapacha wameungana dhidi yetu.

Maiki si kitu cha kuchagua kwa haraka, dada, na nimefurahi umeuliza mtu anayejua. Kwanza niambie redio yako ni ya namna gani. Namba iko nyuma, imeandikwa ndogo. Pili, hesabu pini za plagi. Plagi mbili zinaweza kufanana kama mapacha wangu, na ndani zikawa na tabia tofauti kama mapacha wangu. Ukichomeka isiyo yake, unabonyeza kuongea na redio inazima.

Tatu, kuna maiki zenye vitufe vya namba kama simu. Usizitamani. Dereva anahitaji kitufe kimoja kikubwa ubavuni, ambacho kidole gumba kinakipata gizani na kwenye glavu. Waya uwe wa kujisokota, mzito, usiolegea ukagusa usukani. Ndoano yake iwe ya chuma, maana kuna redio zinazojua kama maiki imetundikwa au haijatundikwa. Nne, na hili ndilo kubwa, kelele. Lori lako linanguruma, kwa hiyo kuna swali la namna maiki inavyotofautisha mdomo na injini. Nimeambatanisha kurasa sita za ziada. Nimeanzia mbali kidogo, enzi za maiki za punje za mkaa, ili uelewe tulikotoka.

Soma kwa utulivu, kisha unijibu.

Mdogo wako


8 Machi

Marahaba.

Sisi wazima. Mama amemfumia jirani soksi moja. Nyingine anasema atafikiria.

Pini ni nane. Nimezihesabu na shemeji yako amezihesabu, yeye akapata saba, tukarudia. Namba ya redio nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Kurasa zako nimezisoma. Nimesoma hadi kwenye punje za mkaa, nikalala, nikaamka, bado zilikuwa punje za mkaa. Fundi, nilikuomba maiki, sikukuomba shahada! Mimi nashinda kwenye lori lenye kiti kilichochanika, narudi nyumbani mgongo unalia, halafu nikae mezani kufanya mtihani wa mdogo wangu? Tangu utotoni uko hivyo. Mtu akikuuliza saa ngapi, unamfungulia saa umwonyeshe magurudumu.

Na kwa utaalamu wote huo, nani alichagua spika za harusi yako? Si wewe? Si ndizo zilizopiga mluzi mpaka wageni wakadhani ni king'ora cha moto, wakatoka nje na sahani zao? Shangazi mpaka leo hajarudisha sahani.

Chagua. Funga. Tuma. Usiweke karatasi yoyote ndani. Nataka maiki na kimya. Huku nina mwingine wa kunitosha, dereva mmoja tunamwita Kifua kwa anavyotembea, anayenicheka kwa sababu naita kila kibao bila kuruka. "Kumi na saba anatangaza vituo kama treni," ndiyo maneno yake, hewani, wote wanasikia. Sina nafasi ya mtu wa pili wa kunisomesha.

Dada yako


27 Machi

Dada, shikamoo.

Sote wazima.

Maiki hii hapa. Umetaka kimya. Nimenyamaza.


22 Aprili

Kwako,

Sisi wazima, mama anakusalimu, anafuma. Wifi na watoto nawasalimu. Basi, salamu zimekwisha.

Nimeandika barua hii na kuichana, maana ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo mama hakutufundisha. Wiki iliyopita nilikuwa nashuka na mawe, gia ya pili, injini inalia. Kibao cha tano nikabonyeza kitufe cha maiki yako maridadi nikasema yote: kumi na saba, kibao cha tano, nashuka, nimebeba. Nikaachia. Hakuna aliyejibu. Kwetu ukiita kusijibiwe, maana yake njia ni yako. Nikaingia kona.

Kifua huyo hapo. Mtupu, anapanda, katikati ya barabara kama bwana harusi.

Nililaza lori kwenye ukuta wa mlima. Kioo cha pembeni kimekwenda, bampa limekunjwa kama karatasi, jiwe moja liliruka likapita juu ya paa lake. Yeye alikwepa upande wa hewa; gurudumu lake moja la nyuma lilibaki hewani linazunguka polepole. Alishuka, nami nikashuka. Tukatukanana mpaka sauti zikakauka. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunisikia.

Maana maiki yako haikunisemea, bwana fundi! Kifua hakusikia. Ofisini hawakusikia. Aliyekuwa juu anapakia hakusikia. Meneja wa usafiri, tunayemwita Bwana Kanuni, alinyoosha mkono akachukua ufunguo. "Dereva asiyeita hana barabara." Mimi! Mimi ninayechekwa kwa kuita! Kifua amesimama pembeni anatazama viatu vyake, hata kucheka hakucheka.

Sasa nimewekwa getini kuinua na kushusha kizuizi. Malori yanapita, wenzangu wananipungia kama mgonjwa. Kikao cha kuamua kama nitarudi kwenye usukani au nibaki na kizuizi hicho mpaka nizeeke ni tarehe ishirini Juni. Mama hajui. Asubuhi navaa viatu vya kazi natoka, jioni narudi, ananiuliza barabara ilikuwaje, namwambia nzuri.

Ninachotaka kwako ni kimoja. Karatasi yenye kichwa cha karakana yenu na muhuri, iseme kwamba maiki hii ilikuwa mbovu tangu ilipotoka kwako. Basi. Wewe ndiye uliyeichagua.

Dada yako, mlinda geti


9 Mei

Dada, shikamoo.

Nashukuru Mungu uko hai. Niliisoma barua yako nimesimama, wifi yako akanivutia kiti. Watoto sijawaambia.

Sasa nikujibu. Sisaini.

Maiki ile niliipima kwenye benchi. Kisha nikaipima ndani ya gari la wagonjwa, king'ora kinalia, na wifi yako upande wa pili na kalamu. Aliandika kila neno nililosema, hata lile nililomwambia dereva kwa siri. Magari yote ya wagonjwa ya hapa yana maiki za aina hiyo, nimeyafungia mwenyewe. Nikigonga muhuri kwamba ni mbovu, kesho zitang'olewa, na mtu atakufa barabarani kwa sababu dada yangu ana hasira. Kwa hiyo hapana. Unaweza kunitukana kwa kurasa nane, mimi nitazisoma zote, sitalala kama wewe.

Uliniambia nilete kimya. Nimekuletea kimya. Leo kimya kimekugonga, unaniandikia mimi? Usipojibiwa ungejiuliza! Ungeuliza hewani, "Mnanipata?" Maneno mawili!

Haya, sikia somo ulilolikataa. Ile maiki ina masikio mawili. Moja mbele, kwenye wavu, ndilo la mdomo. La pili ni tundu dogo mgongoni, kama la sindano nene. Tundu lile linasikia injini tu, halafu maiki inachukua kelele za mbele inaondoa kelele za nyuma, inabaki sauti yako. Tundu likizibwa, hesabu inaharibika. Injini inaingia yote, na wewe unazama ndani yake. Na ukipiga kelele ndiyo unaharibu zaidi.

Kwa hiyo nijibu, bila matusi. Unaishika vipi? Kiganja chako kinafunika mgongo wake? Kuna utepe, kuna nta, kuna kitu chochote hapo nyuma? Na waulize wenzako: siku ile hawakusikia kitu kabisa, au walisikia ngurumo?

Mdogo wako


24 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima.

Mkono wangu hauna tatizo. Hakuna utepe wala nta. Usiniulize tena habari za mgongo wa maiki.

Kama huandiki, usiandike. Nitajua la kusema mbele ya kikao. Nimeshachoka na masikio yako mawili.

Dada


6 Juni

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Nilikuwa natafuta kitu, na jana nikiwa kwenye benchi na koleo mkononi nikajua ni nini. Barua haina mama.

Tangu nilipohama nyumbani hujawahi kuniandikia bila mama kuwemo. Mama amefuma, mama amekohoa, mama amegombana na mwenye duka. Safari hii "sisi wazima", basi. Nikafungua ile ya Aprili: "mama anakusalimu, anafuma." Nikafungua ile ya Februari, birika, rimoti, mfuniko wa choo. Nikakaa chini kwenye kasha la spea.

Dada, amekifumia nini kile kitu nilichokutumia?

Unakumbuka redio ya baba? Aliivisha sweta la kijani hadi shingoni, ikapata joto, mgongo wake ukayeyuka, nyumba ikanuka wiki nzima. Baba akatuita uani, wewe na mimi. "Mama yenu akiuliza, semeni ni uzee." Tukasema ni uzee. Mama akaililia redio kama mtu. Sisi ndivyo tulivyo, tunamficha mama kwa kumpenda, halafu vitu vinaungua.

Na umekubali mimi nibebe lawama! Tangu Mei umejua. Nilipokuandikia habari za tundu ulijua hapohapo, ukanyamaza, ukaniacha nikiamka asubuhi nafungua maiki za watu moja moja nikitafuta kosa langu. Nimefungua maiki za magari yote ya wagonjwa, dada, kwa sababu yako. Bosi wangu ameniuliza kama naumwa.

Na ninajua unachopanga, maana nakufahamu tangu kabla sijajua kuvaa viatu. Utasimama mbele yao useme hukuita. Uchukue kosa uende nalo getini, ili mama asijue kwamba sweta lake nusura limtupe mtu bondeni. Ukifanya hivyo usiniandikie tena. Nasema kweli. Kifua akirudi kona ile bila kujua kilichotokea, na mwingine akivisha maiki yake kitambaa cha kuzuia vumbi, itakuwa juu yako.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi yenye kichwa cha karakana na muhuri. Inasema maiki ni nzima, na ilizibwa mgongo. Nimeandika ukweli. Ipeleke au iwashie jiko.

Mdogo wako, mwenye hasira


2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, mara zote nilizokunyima.

Sisi wazima, na safari hii nitakuambia mmoja mmoja. Shemeji yako ameshinda paa, lakini mvua haijanyesha tangu ashinde, kwa hiyo matokeo bado hayajathibitishwa. Mama yupo, amekaa hapa mbele yangu, anasikiliza kalamu. Amesema nikuandikie yote na nisipunguze. Basi sikia.

Maiki ilifika jioni. Nilipoifungua mezani, mama akaniomba. Akaizungusha mikononi, akagusa wavu, akagusa kitufe, akapima kidole gumba changu kwa uzi. "Kitu cha kushikwa na mikono ya mawe kitapata vumbi," akasema. Asubuhi sweta lilikuwa tayari. La bluu. Mbele ameacha nafasi ya wavu na ubavuni nafasi ya kitufe, sawasawa na kidole changu. Mgongoni ameshona mara mbili, ili lisiteleze. Lilikaa kama ngozi.

Vitu vyake vyote vingine tunavua akigeuka. Wewe hujui hilo linavyouma, hupo hapa. Anafuma gizani mwake, sisi tunavua mwangani mwetu. Nikasema hili sivui. Hili litakwenda kazini. Kila jioni alikuwa ananiuliza, "Limekaa vizuri?" Nami namjibu, "Kama maiki ilizaliwa nalo." Alikuwa anacheka peke yake.

Na nilionywa, nisikufiche. Siku mbili kabla ya ile kona, ofisini waliniambia, "Kumi na saba, hebu rudia, unanguruma." Nikarudia kwa kupiga kelele. Wakasema sawa, nafikiri kwa kuchoka. Barua yako ya masikio mawili ilipofika niliisomea getini, malori yanapita, nikasahau kuinua kizuizi, wakanipigia honi. Nilijua palepale. Hasira niliyokuwa nayo kwako haikuwa na pa kwenda, nikaiacha ikae hapohapo kwako. Ulikuwa mbali, na umezoea.

Sasa mama. Barua yako yenye muhuri ilikuja, nikaiweka chini ya godoro. Nilikuwa nimeamua kama ulivyosema: nitasema sikuita. Jioni ya kuamkia kikao mama alikuwa anachambua nguo za kufua. Akanusa shati langu. Akalikung'uta karibu na uso wake.

"Wewe," akaniambia, "huko kwenu mawe yamekwisha?"

"Kwa nini, mama?"

"Tangu mvua za mwanzo nguo zako hazina vumbi. Naosha nguo za mtu anayekaa kivulini. Unanifanya mimi mjinga au kipofu? Kipofu nakubali."

Nikamwambia habari za geti. Sikumwambia za sweta. Akaniuliza, "Walisema walisikia nini?" Nikasema siku mbili kabla, ofisini walisikia ngurumo.  Akaniambia nilete maiki. Nilikuwa nimeshaivua, iko kwenye droo pamoja na marehemu. Akaipapasa. Ukucha wake ukaenda mgongoni, ukasimama.

"Hili tundu la nini?"

"La skrubu."

"La skrubu lingekuwa na skrubu."

Mdogo wangu, nimewahi kushusha lori lisilo na breki, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale mezani. Alikasirika! Hakulia, nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Alipiga meza, rimoti ikaruka na sweta lake. "Mlinifanyia hivi kwenye redio ya baba yenu. Mlidhani sikunusa? Uzee haunuki plastiki! Mnaniacha nifume vitu vya kuua watu, kisha mnanishukuru!" Kwa hiyo alijua, siku zote zile. Alikuwa anatusubiri tuseme. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya zaidi, "Kesho nakwenda na wewe."

Alikwenda. Amevaa nguo ya kwenda kuhani. Ofisini kulikuwa na Bwana Kanuni, Kifua, na madereva wawili waliotoka zamu. Bwana Kanuni akasema kikao si cha wazazi. Mama akamuuliza, "Wewe mama yako yuko wapi? Naye angekuja tungezungumza." Akapewa kiti.

Niliposimama, mpango wangu wa kusema sikuita ulikuwa bado kooni, nakuapia. Nikamtazama Kifua anavyotazama viatu vyake. Nikasikia hasira inapanda kutoka kwenye magoti. Nikasema, "Niliita. Kibao cha tano, nashuka, nimebeba. Kila neno." Nikatoa sweta mfukoni nikaliweka mezani, na karatasi yako juu yake.

Bwana Kanuni aliisoma karatasi, akaugeuza muhuri kwenye mwanga. Akasema karatasi ni karatasi, akaniazima ufunguo nimwonyeshe. Nikachukua sweta na maiki niliyokuja nayo, nikatoka uani. Nikapanda kumi na saba, nikawasha, nikakanyaga mafuta mpaka madirisha ya ofisi yakatetemeka. Wao wamebaki ndani na redio ya mezani. Mara ya kwanza nikaita maiki ikiwa na sweta. Mara ya pili nikalivua, nikaita vilevile, sauti ileile. Niliporudi ndani nikaliweka sweta mezani, Bwana Kanuni akaurudisha ufunguo kwenye droo.

Kifua ndiye aliyeanza. "Ile ya kwanza," akasema, "ile ngurumo. Ndiyo niliyoisikia siku ile." Bwana Kanuni akamuuliza kwa nini alisema hakusikia kitu. Akajibu, "Sikusikia maneno. Nikadhani ni redio yangu. Nilikuwa nawahi." Na kanuni ya pili ya barabara yetu, iliyobandikwa pale pale ukutani juu ya kichwa chake, ni kwamba ukisikia mtu usiyemwelewa unasimama sehemu ya kupishana unauliza. Yeye hakusimama, na mimi sikuuliza. Nilimtukana kidogo, alinitukana kidogo, mama akatuambia inatosha.

Bwana Kanuni alikuwa anaendelea kueleza kanuni mpya, kwamba ni marufuku kuvisha, kufunika au kupamba maiki kwa namna yoyote, tulipoona mama ameshachukua sweta lile mezani. Ameng'ata uzi kwa meno, anafumua. Anafumua taratibu, uzi anauzungushia kidoleni, na Bwana Kanuni anaongea kwa sauti inayozidi kupungua. Alipomaliza kanuni, sweta halikuwepo. Kulikuwa na kidonge cha uzi wa bluu mapajani mwa mama. Akauliza, "Mmemaliza? Ufunguo wa mwanangu uko wapi?"

Ulikuwa kwenye droo. Nilipewa. Bampa bado limekunjwa, nimekatazwa kulalamika.

Jumatatu nilirudi juu. Nilishuka na mawe, gia ya pili, injini inalia. Kibao cha tano nikabonyeza, nikasema polepole, bila kupiga kelele, maiki karibu na mdomo, kiganja mbali na mgongo wake. Nikaachia. Kimya. Nikakanyaga breki, nikasimama pale pale, mawe yakajipanga nyuma yangu. Nikabonyeza tena: "Mnanipata?"

"Nakupata, kumi na saba," akasema Kifua. "Nimesimama kibao cha sita. Shuka, mtangaza vituo."

Bado nina hasira na wewe. Nimekuwa nikikuambia unyamaze tangu ulipojua kusema, hukuwahi kunitii hata siku moja, halafu ukachagua siku ya maiki hiyo ndipo unitii. Uliposema sisaini ulinitukana vizuri, hilo nimelikubali. Lakini ule mzigo wa tarehe ishirini na saba Machi ulikuwa na nafasi ya karatasi moja, na wewe ulijua.

Mama ananiambia nimalize, mkono wangu unapiga kelele. Uzi wa bluu ameufumia kofia, iko ndani ya kifurushi hiki. Amekuachia matundu mawili ya masikio, ameyapima kwa kichwa changu, kwa hiyo yatakuwa makubwa. Amesema uivae, na ukiivua akigeuka atajua.

Dada yako,
lori namba kumi na saba